Usifunge tairi mbili za winta na mbili za kawaida: mwongozo kwa mnaoendesha kwenye barafu

Wakuu habari zenu. Naandika hii nikiwa Edmonton, jimbo la Alberta, Canada, ni mwisho wa Septemba, asubuhi ya leo kumeamka na nyuzi 4 na majani yameshaanza kudondoka, na najua kabisa ndani ya wiki mbili tatu kuna ndugu yetu ataingia Kijiji, ule mtandao wa kuuziana vitu huku Canada, kutafuta tairi mbili tu za winta aweke mbele, kwa sababu gari yake inavutia mbele na hela ya kununua nne hana. Namwelewa vizuri sana mtu huyo, hata mimi nilipita hapohapo. Ndo maana nataka asome hapa kwanza kabla hajamtumia muuzaji hela.

Winta yangu ya kwanza nilikuwa na Corolla ya mtumba. Nikanunua tairi mbili za winta nzuri tu, meno yamejaa, nikazipeleka gereji moja wakanifungia mbele, nyuma wakaacha zile za misimu yote zilizokuja na gari, na hakuna aliyeniambia neno. Wiki tatu nilikuwa nazisifia kwa kila mtu, gari inaondoka kwenye taa bila kuchezea tairi, breki inashika, usukani unatii. Sasa jioni moja ya Desemba natoka kazini, nateremka Groat Road kuelekea mtoni, kuna kona kule chini, theluji ya mchana imekanyagwa na magari mpaka imekuwa laini kama sahani, na mimi natembea na spidi yangu ileile ya kila siku. Nikaachia mafuta kidogo tu, breki hata sijagusa. Nikasikia kiti kinanisukuma kiunoni kwa pembeni, yaani kama kuna mtu kashika bampa ya nyuma anaivuta, usukani ukawa mwepesi mkononi, halafu taa za gari iliyokuwa nyuma yangu nikaziona kwenye dirisha la abiria. Dirisha la abiria, siyo kioo. Gari ilizunguka ikaenda kutua kwenye rundo la theluji pembeni ikiwa inatazama nilikotoka. Yule wa nyuma alikuwa ameacha nafasi, Mungu ambariki popote alipo.

Nilikaa pale mikono inatetemeka nikiwaza tairi za nyuma mbovu, tairi za nyuma mbovu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba zile za nyuma zilikuwa zilezile nilizokuja nazo tangu Oktoba, na kama zingekuwa zote nne za aina ile mimi nisingekuwa kwenye spidi ile, kwa sababu gari ingeshaniambia tangu natoka pakingi kwamba leo hapapitiki. Ingeteleza wakati wa kuondoka, ingeteleza kwenye taa ya kwanza, ningetembea mdogomdogo kama wengine. Mbele kuzuri ndiko kulikonificha barafu. Hilo ndo jambo moja ninalotaka uondoke nalo hapa: mikono yako inasoma barabara kupitia tairi za mbele, kwa hiyo ukiweka mbele tairi zinazoshika na nyuma tairi zisizoshika, unaendesha barabara ambayo nusu ya gari yako haipo.

Kwanza elewa tofauti yao iko wapi

Watu wengi wanadhani tofauti ni meno tu, kwamba tairi ya winta ina meno marefu basi. Meno yana kazi yake, na ukitazama kwa karibu utaona kila jino limechanjwachanjwa vimstari vyembamba kama chale, vile vinafunguka vinauma theluji. Lakini jambo kubwa ni mpira wenyewe. Tairi ya kawaida ya kiangazi inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama barabara ni kavu kabisa na hakuna theluji hata punje. Ya winta imechanganywa kwa namna inayoifanya ibaki laini kwenye baridi kali. Unaweza kujionea mwenyewe bila kifaa chochote. Asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri vua glovu, bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye jino la tairi ya winta, utaona unaingia kidogo na ukiondoa linarudi, kama soli ya raba. Halafu bonyeza ya kawaida. Ni kama umebonyeza ndoo ya plastiki. Sasa hiyo ndoo ndo unaiomba ikushikie kona.

Zile za misimu yote ziko katikati, na huku Marekani na Canada ndo magari mengi yanauzwa nazo, kwa hiyo mtu anasikia jina anadhani winta imo. Imo kidogo, ya mvua na baridi nyepesi. Kwa winta ya Alberta hazitoshi.

Namna za kuchanganya, na kila moja inavyokuumiza

Winta mbele, kawaida nyuma. Hii ndo inayopendwa na ndo mbaya kuliko zote. Sababu ya watu ni kwamba injini iko mbele, gari inavutia mbele, na usukani uko mbele. Kweli kabisa, itakuondoa kwenye theluji. Lakini kila unapopunguza mwendo uzito wa gari unahamia mbele na nyuma kunakuwa kwepesi, ukiwa kwenye mteremko ndo zaidi, na ukiwa kwenye kona wakati huohuo basi nyuma inatafuta njia yake. Dereva wa kawaida, na mimi nikiwemo, hana mazoezi ya kukamata gari iliyoanza kuzunguka, inachukua sekunde moja na nusu na imeisha.

Kawaida mbele, winta nyuma. Hii wanafanya wenye pikapu na magari yanayosukuma kwa nyuma. Gari itaondoka vizuri, itanyooka vizuri, shida inakuja unapotaka kukata kona au kusimama. Unageuza usukani na gari inaendelea moja kwa moja kama haijakusikia. Na kumbuka kazi kubwa ya breki inafanywa na tairi za mbele, kwa hiyo umesukumwa na tairi nzuri mpaka spidi ambayo tairi mbaya haziwezi kukusimamisha. Haizunguki kirahisi kama ile ya kwanza, ila inakuingiza kwenye makutano ya barabara taa ikiwa nyekundu.

Kuna wanaoweka upande mmoja tofauti na mwingine, au kwa mshazari, kawaida inatokea kwa bahati mbaya, umepata pancha ukafunga iliyokuwepo. Ukikanyaga breki gari inavutwa upande unaoshika. Usitembee hivyo zaidi ya kufika gereji.

Halafu kuna wenye Subaru, RAV4 na magari mengine yanayovuta kwa tairi zote. Hapa nasikia sana "yangu ni fo wili, haina shida." Fo wili inakusaidia kuondoka, haikusaidii hata kidogo kusimama, magari yote duniani yanasimama kwa tairi nne. Na kwenye magari haya kuna hasara ya pili ambayo ni ya mfukoni. Tairi zikiwa na mzingo tofauti, labda mbili mpya zenye meno marefu na mbili zimelika, zile ndogo zinazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinabaki kinasuguana muda wote kikidhani kuna tairi inateleza. Kinachemka, kinakufa. Soma kitabu cha gari yako. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba meno yasipishane zaidi ya milimita 1.6 hivi kati ya tairi na tairi.

Kuna mtu ataniambia gari yake ina ile mitambo ya kuzuia kuteleza. Ndiyo, hapa Canada imekuwa lazima kwa magari mapya ya abiria tangu Septemba 2011, na nashukuru ipo. Lakini fikiria inavyofanya kazi: inahisi gari inaanza kuzunguka, inakamata breki ya tairi moja ili iivute gari irudi kwenye mstari. Sasa ile tairi inayokamatwa kama ni ndoo ya plastiki juu ya barafu, itavuta nini? Kompyuta haina mikono yake, inatumia mshiko wa tairi ulizoifungia.

Kagua gari yako leo jioni, dakika ishirini tu

Chukua tochi, karatasi, kalamu na rula ndogo. Piga magoti kwenye kila tairi, zote nne, usikague moja ukadhani zimefanana, magari ya mtumba yanakuja na mchanganyiko wa ajabu na mwenye kukuuzia hakwambii.

Cha kwanza tafuta mchoro ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kuna chembe ya theluji yenye pembe sita. Huo mchoro maana yake tairi imepimwa kwenye theluji ikafaulu. Ukiona herufi M+S peke yake bila mlima, hiyo ni ahadi ya kiwanda kuhusu umbo la meno, matope na theluji, haina maana imepimwa. Tairi nyingi za misimu yote zina M+S. Hapa ndo watu wetu wengi wanapigwa, muuzaji anaonyesha M+S anasema ni winta. Mwambie akuonyeshe mlima.

Cha pili andika saizi, kwa mfano 205/55R16. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, 16 ni rimu kwa inchi. Ziwe sawa zote nne, na ziendane na kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva.

Cha tatu umri. Tafuta neno DOT, fuata mpaka mwisho wake, kuna tarakimu nne. 3819 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2019. Saa nyingine namba kamili iko ubavu wa ndani, itabidi ulale chini kabisa na tochi. Mpira wa winta ukizeeka unakakamaa hata kama meno yapo, kwa hiyo tairi ya miaka kumi iliyokaa stoo ikiwa na meno kama mpya isikutamanishe. Ule mtihani wa ukucha urudie hapa.

Cha nne kina cha meno. Tumbukiza rula katikati ya tairi na pembeni pote kuwili. Tairi ya winta mpya inakuja na milimita 8 mpaka 10 hivi. Ikishafika 4 mimi naihesabu imeshamaliza kazi ya theluji. Ukienda jimbo jirani la British Columbia kwa gari, iwe kupitia Jasper au Banff, kuna vibao barabarani na kuanzia 1 Oktoba mpaka 30 Aprili kwenye njia za milimani wanataka tairi zenye M+S au mlima, na meno yasiyopungua milimita 3.5. Jimbo la Quebec nako ni lazima, 1 Desemba mpaka 15 Machi, kwa magari ya huko. Alberta hatuna sheria kama hiyo, na nadhani ndo sababu mchanganyiko unaonekana sana huku, hakuna wa kukuuliza.

Cha tano angalia mshale. Tairi nyingi za winta zina mshale ubavuni unaoonyesha zizungukie wapi. Nimeshaona gari ya mtu kanisani kwetu, tairi nne mpya za winta, mbili zimefungwa kinyume. Zilikuwa zinakanyaga theluji kwa kisogo.

Kama umegundua umechanganya

Usihofu, ila badilisha mwendo leo hii, usisubiri wikiendi. Ondoa kwenye akili ile hisia kwamba gari inashika, endesha kama zote nne ni mbovu. Acha nafasi mara mbili ya unayoacha. Kona zote maliza kupunguza mwendo wakati usukani bado umenyooka, yaani ukiingia kwenye kona mguu uwe umetulia, usikanyage wala usiachie ghafla. Epuka mteremko wa mtoni, zunguka hata kama ni dakika kumi zaidi. Na siku ya mvua inayoganda, ile inayofanya lami ing'ae kama imemwagiwa maji kumbe ni barafu, panda basi.

Kama una tairi mbili tu za winta na duka limefungwa mpaka Jumatatu, bora utoe hizo mbili urudishe za kawaida zote nne utembee taratibu, au uiache gari. Kuna watu wa gereji watakwambia kama ni lazima mbili basi ziwe nyuma, na kwa kulinganisha wana hoja, gari inayokataa kona angalau inakwenda mbele unakoangalia. Lakini hilo ni jibu la swali baya. Transport Canada, yaani wizara ya usafiri ya huku, wenyewe wanasema funga nne, na watengenezaji tairi wote nimewasoma wanasema nne. Mchanganyiko wowote kwenye barafu ni gari yenye imani mbili.

Ukitaka kuamini bila kusikia kwangu, tafuta pakingi kubwa tupu iliyofunikwa theluji, asubuhi ya Jumapili, hakuna nguzo wala gari karibu, na uombe ruhusa kama ni ya watu. Tembea kilomita 25 tu kwa saa, geuza usukani kidogo, achia mafuta kwa ghafla. Sikiliza kiti chako, siyo macho. Kiuno kinajua kabla ya macho. Nilimfanyia hivyo mdogo wangu aliyekuja mwaka juzi, alishuka kwenye gari kimya, jioni yake akaniambia kaka nitafutie nne.

Hela

Najua hapa ndo penyewe. Mtu ana miezi minne Canada, analipa pango, anatuma nyumbani, halafu unamwambia tairi nne. Ngoja niseme njia ambazo sisi tumezipitia.

Ya kwanza, tulikuwa wanne tukacheza upatu wa tairi. Tulianza Agosti, kila mwezi wote tunachanga, mmoja anachukua seti yake, Novemba wa mwisho akafungiwa. Yule wa mwisho tulichagua mwenye kazi ya usiku anayekwenda kwa treni. Mnaweza kufanya hivyo kuanzia sasa kwa ajili ya mwakani pia.

Ya pili, nunua seti ya nne iliyotumika lakini ya mtu mmoja, zilizofungwa pamoja kwenye gari moja, jina moja, umri mmoja, meno yanalingana, na bora zaidi zikiwa kwenye rimu zake. Wakati mzuri ni Aprili na Mei, watu wanahama au wameuza gari, wanataka stoo iwe wazi. Oktoba ndo ghali, kila mtu anatafuta. Nenda na rula na tochi yako, na muuzaji akikataa usiangalie DOT rudi nyumbani.

Ya tatu, rimu ndogo. Kama gari yako imekuja na inchi 18, mara nyingi inakubali 17 au 16 yenye ubavu mrefu zaidi, na tairi za 16 ni rahisi sana kwa bei na zinavumilia mashimo. Lakini usibahatishe, rimu ndogo inaweza kugonga breki, muulize fundi kwa namba ya gari yako.

Ya nne, kuna tairi za hali zote (all-weather), siyo za misimu yote (all-season), majina yanafanana ila hizi zina ule mlima. Unazifunga nne na zinakaa mwaka mzima. Kwa baridi ya 30 chini ya sifuri hazifiki zile za winta kamili, ila seti moja ya hizi ni salama mara nyingi kuliko mbili na mbili.

Na jambo la kujipa moyo, tairi za winta hazikuongezei gharama kama inavyoonekana, kwa sababu miezi sita zile za kiangazi zimelala hazili meno. Unanunua mapema kile ambacho ungenunua baadaye.

Siku ya kufunga

Usisubiri theluji. Asubuhi zikianza kushinda chini ya nyuzi 7, funga. Huku kwetu theluji inaweza kuja Oktoba na siku hiyo gereji zote zina foleni ya wiki mbili.

Ukifunga mwenyewe, weka jeki kwenye sehemu yake, kaza nati kwa mshazari, siyo kwa kuzunguka, malizia kwa spana yenye kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Safisha kutu pale rimu inapokaa, nimeona rimu ikikaa juu ya kutu halafu nati zinalegea zenyewe. Baada ya kilomita 100 hivi rudia kukaza, hili wengi wanasahau na ni dakika tano.

Upepo. Tairi inapoteza karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 na nusu za joto zinazoshuka. Ukijaza ndani ya gereji yenye nyuzi 20 halafu usiku ukaja na 25 chini ya sifuri, umepoteza kama psi 8, na hakuna pancha yoyote. Pima asubuhi gari ikiwa imelala nje. Tairi mbili zenye upepo pungufu nazo ni mchanganyiko, hata kama zote nne ni za jina moja.

Tairi za winta zenye vijimisumari vya chuma kwenye mpira nazo sheria ni ileile, ukiweka mbele weka na nyuma. Na ikitokea pancha katikati ya winta, ile spea nyembamba imeandikwa mwisho 80 kwa saa, hiyo ni ya lami kavu, kwenye barafu ni ya kukufikisha gereji ya karibu kwa mwendo wa baiskeli. Iliyokufa badilisha kwa ya aina ileile. Ukilazimika kununua mbili mpya, ziende nyuma, nzuri zilizobaki zije mbele, mradi zote nne ni za winta.

Aprili ukizitoa, andika kwa chaki kwenye kila moja ilikuwa wapi, mbele kushoto, nyuma kulia, zioshe chumvi, ziweke mahali pakavu pasipo na jua. Na uzitoe kweli. Mpira laini wa winta kwenye lami ya nyuzi 30 unalika haraka na breki inakuwa ndefu, gari inaelea kwenye kona.

Hili la mwisho ni kwa walioko nyumbani, maana mnaweza kudhani haliwahusu. Japan walipiga marufuku tairi za misumari mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya vumbi la lami iliyochimbwa, wakahamia kwenye tairi laini za theluji zisizo na misumari, na magari yanayotoka sehemu za baridi kule yanashuka bandarini Dar na Mombasa yakiwa nazo. Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Zina meno mengi yanayovutia, kwa hiyo fundi anakwambia hizi bado kabisa bosi, na zile mbili zilizoisha unabadilisha na za kawaida. Binamu yangu Dar alinitumia picha za Premio yake akilalamika inayumba nyuma ikinyesha, na alikuwa anajiandaa kwenda Iringa na familia, yaani apande mlima Kitonga nayo na wakati wa kurudi aushuke. Nikamwambia piga picha ubavu wa tairi za nyuma. Zote mbili zilikuwa hizo, za mbele ni za kawaida. Alizitoa kesho yake asubuhi kabla ya safari, na akamwomba fundi azitoboe ubavuni mbele ya macho yake, asije akauziwa mwingine.